Ngao ya Kabureta

Wengi wetu tuliokuwa vijana Afrika Mashariki katika miaka ya sabini tunalikumbuka gari la michezo aina ya Datsun 240Z. Lilizinduliwa Japani mwaka 1969, wala halikukawia kujipatia jina kwetu. Edgar Herrmann alishinda nalo mashindano ya Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973. Ushindi huo umesimuliwa sana. Mimi nataka kusimulia habari za kipande cha bati.

Injini ya gari hilo ina silinda sita na kabureta mbili. Kabureta hizo zimekaa upande uleule wa mabomba ya moshi, tena juu yake. Gari likiwa mwendoni, feni na upepo hupunguza joto. Taabu huanza linaposimama. Injini ikizimwa, upepo hukatika, na joto la mabomba hupanda moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Petroli huchemka upesi kuliko maji. Ikigeuka mvuke, dereva aliyeshuka kidogo kunywa soda hulikuta gari limegoma kuwaka. Ndiyo maana huwekwa bati la kukinga joto katikati. Na bati hilo likiliwa na kutu, fundi hukata jingine.

Je, bati jembamba lawezaje kuzuia joto kali namna hiyo? Mwaka 1804 Mskochi John Leslie alichapisha kitabu cha majaribio yake. Alijaza maji ya moto katika sanduku la chuma, upande mmoja umesuguliwa ukang'aa, mwingine umepakwa weusi. Maji yalikuwa yaleyale, lakini upande mweusi ulitoa joto jingi zaidi. Mskochi mwenzake, James Dewar, alibuni mwaka 1892 chupa ya kuta mbili yenye utupu katikati. Chupa ya chai iliyo mezani pako, msomaji, ni mjukuu wake.

Fundi wa jua kali hufuata elimu hiyohiyo. Kwanza hukata kadibodi na kuipima mahali pake. Kisha huifuatisha juu ya bati la alumini, akakata kwa mkasi wa bati, akatoboa kwa keekee na kulainisha kingo kwa tupa. Uso unaong'aa huelekea kwenye mabomba. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, hivyo bati lisiguse bomba kabisa. Huachwa nafasi ili hewa ipite. Tena lisikwaruze mpira wa petroli wala kuzuia akselereta.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi, alikuwa akifufua gari la namna hiyo. Mwenye gari alimletea kipande cha asbestosi kilichobaki kwenye paa la zamani.

"Mwalimu," akaniuliza, "si hii ndiyo isiyoungua?"

Haiungui, ni kweli. Zamani hata viwanda viliitumia. Lakini vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake yaweza kujitokeza baada ya miaka 30 au zaidi. Pale karakana mwanawe wa miaka 12 ndiye aliyekuwa ameshika msumeno. Nilimwambia kijana auweke chini. Kipande kikafungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki bila kukatwa, tukatafuta alumini.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kwa kabureta, dawa ni uso unaong'aa na nafasi ya hewa, na hewa haiuzwi dukani. Kwa miaka mingi chuoni tuliwafundisha walimu kutaja njia tatu za joto kusafiri. Yule mtoto alizijua zote tatu kwa moyo. Jioni ile alijifunza zinafaa kwa kazi gani, na mapafu yake yakabaki salama.