Mwenzako Aliyepita Njia Hiyo

Mwaka wa 1952 mama mmoja wa New York, Terese Lasser, alikatwa titi kwa ajili ya kansa. Siku hizo madaktari walifuata njia ya Halsted wa Baltimore, iliyoenea tangu miaka ya 1890: titi lote hutolewa, pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Mara nyingi mkono huvimba. Hata kuchana nywele huwa kazi kubwa.

Madaktari waliutibu ugonjwa, lakini maswali ya mgonjwa hayakuwa na wa kuyajibu. Mkono huu utainuka tena? Nitavaaje? Mume wangu ataniangaliaje? Basi Mama Lasser alipopata nafuu akaanza kuwaendea wenzake hospitalini. Alichukua mpira mdogo wenye kamba wa kuzoeza mkono, na kijimto cha kujaza mahali pa titi. Lakini dawa yenyewe ilikuwa ni yeye, aliyepita njia ile ile, naye amesimama. Baadhi ya madaktari hawakumpenda, wakaona anaingilia kazi yao. Hakuacha. Mwaka wa 1969 Chama cha Kansa cha Marekani kikaichukua huduma hiyo.

Twamsifu, na ni haki. Hata hivyo kijimto huweza kuwa pazia pia. Mwaka wa 1978 Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi, alikatwa titi. Akatembelewa na mama mwema wa huduma ile ile, akaletewa kijimto cha sufu. Alikijaribu, akakiweka kando. Alipokwenda kwa daktari bila kukivaa, muuguzi akamwonya kwamba jambo hilo lavunja moyo wa watu pale kliniki. Lorde alikasirika sana. Je, mjane akatazwe kulia ili majirani wasihuzunike?

Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1980 aliandika waziwazi hofu yake, kilio chake, na jinsi wanawake rafiki zake walivyomshika asianguke. Alisema kwamba wanawake waliokatwa matiti wakifichana hawawezi kutambuana wala kuungana. Aliishi hadi mwaka wa 1992.

Na hapo, nadhani, hakuwa mbali na Mama Lasser. Ziara ile ilifaa kwa sababu mgonjwa alijua kwamba huyu aketiye kando ya kitanda chake naye amekatwa.