Makapi ya Mkonge na Udongo wa Mwambao wa Saadani

Mwambao ulio baina ya Bagamoyo na Pangani umeandikwa sana katika habari za misafara na vita. Saadani ilikuwa mojawapo ya milango ya pembe za ndovu zilizotoka bara kwenda Unguja, na jina la Bwana Heri, mtawala wake aliyewapinga Wajerumani kuanzia mwaka 1888, halijasahauliwa. Lakini iko habari nyingine ya mwambao huo ambayo haikupata waandishi wengi. Ni habari ya udongo: nini kilitolewa ndani yake, nini kilirudishwa, na nini kilitupwa kando kikaitwa taka.

Habari hiyo yaanza kaskazini ya Saadani, mahali paitwapo Kikogwe, karibu na mlango wa mto Pangani. Hapo ndipo ilipopandwa, katika mwaka 1893, miche ya kwanza ya mkonge iliyoagizwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Asili ya mmea huo ni Meksiko, lakini miche ilipatikana Florida, kwa kuwa Wameksiko hawakupenda kuona utajiri wao ukihamia nchi nyingine. Ilinunuliwa miche 1,000. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mashamba yalienea Pangani, Tanga na Morogoro, hata katika mwaka 1964 Tanzania ikatoa tani zipatazo 230,000 za katani, ikawa ya kwanza duniani.

Katani ni sehemu ndogo sana ya jani la mkonge. Jani likipitishwa katika korona, yaani mtambo wa kusaga na kukwangua, nyuzi zipatikanazo hazizidi sana sehemu 4 katika kila 100 za uzito wake. Sehemu 96 zilizobaki ni maji, nyama ya jani na nyuzi fupi. Kwa hesabu hiyo, tani zile za mwaka 1964 zilihitaji majani yapatayo tani milioni 5 na robo tatu. Nyuzi zilipanda meli. Makapi yalisukumwa kwa maji mengi mpaka mashimoni, mabondeni na mitoni, yakaoza huko na kutoa harufu iliyojulikana kwa kila aliyeishi karibu na korona.

Waama, katika makapi hayo ndimo ilimokuwamo sehemu kubwa ya chakula cha shamba. Nyuzi zenyewe huchukua kidogo tu cha udongo. Potasiamu, kalsiamu na naitrojeni ambazo mmea umezivuta kwa mizizi yake hubaki katika nyama ya jani. Wataalamu wa kituo cha Mlingano, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930 kwa utafiti wa mkonge, walikuja kutambua ya kwamba ugonjwa mmoja uliodhoofisha majani kwenye vitako vyake haukuletwa na mdudu wala ukungu: ulikuwa njaa ya potasiamu. Dawa ya njaa hiyo ilikuwa ikitiririka nyuma ya mtambo.

Mtu ataweza kuuliza: ikiwa jambo lilijulikana, mbona halikufanywa? Jibu limo katika hesabu. Makapi mabichi ni mazito kwa maji, na kuyarudisha shambani kulitaka magari, reli ndogo na mikono ya watu. Ardhi ilikuwa nyingi, na kukata msitu mpya kulionekana rahisi kuliko kulisha shamba la zamani. Tena soko la Ulaya lilinunua nyuzi kwa uzito; hapakuwa na ukurasa katika daftari wa kuandikia kilichopungua ardhini. Bei ilipoanguka baada ya mwaka 1964 kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, mashamba mengi yaliachwa. Udongo kuchoka haukuwa sababu ya pekee, wala pengine si ya kwanza. Lakini udongo wa mashamba ya zamani ya Tanga ulipopimwa tena miongo kadhaa baadaye, ulionekana umezidi asidi na kupungukiwa.

Huko Mkwaja, ambako leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, jambo hilohilo lilitokea kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha huko ranchi ya ng'ombe ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama. Mchana ng'ombe walikula nyika yote. Usiku walifungwa mazizini, na samadi ikarundikana hapo. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, lakini watafiti waliofika baadaye walikuta mahali pa mazizi ya kale pangali na rutuba kuliko nyika ya kando. Rutuba haikutoweka: ilihamishwa, ikakusanywa mahali asipolima mtu.

Haifai kudhani ya kwamba kila taka ni mbolea kwa kutupwa tu shambani. Mabua makavu yakifukiwa bila kuozeshwa, vijidudu viyalavyo huitwaa naitrojeni ya udongo, na mahindi yaliyopandwa juu yake hugeuka manjano. Makapi ya mkonge yana uchachu yakiwa mabichi. Hutaka muda wa kuiva. Yakichanganywa na samadi, yakafunikwa na kugeuzwa, huwa mboji ishikayo maji katika mchanga wa pwani. Huko Hale, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, ulijengwa mtambo wa kutoa gesi na umeme katika makapi hayo, na tope libakilo lafaa kuwa mbolea. Korona ndiyo ile ile. Kilichobadilika ni hesabu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa muda mrefu wenye mashamba ya mwambao waliacha mbacha wao kila walipoona msitu mpya. Sasa misitu ya kukata imepungua, na mkulima mdogo wa leo amerithi ardhi ambayo wengine walikwisha kuiuza kidogo kidogo ndani ya marobota ya katani. Deni hilo hakulikopa yeye, bali ndiye alipaye, tenga kwa tenga la samadi na makapi.