Nywele 60,000 za Aki Ross na mwisho wa Square

Julai 2001 kampuni moja ya Tokyo ilipata matokeo mawili ndani ya siku nane. Tarehe 11 filamu yake ya kwanza ya sinema, Final Fantasy: The Spirits Within, iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani na ikadoda. Tarehe 19 gemu yake mpya, Final Fantasy X, ilitoka Japani na ikaja kuuza mamilioni. Mwezi uleule, kampuni ileile, jina lilelile kwenye kasha. Kabla miaka miwili haijaisha, kampuni hiyo, Square, haikuwepo tena kama kampuni inayojitegemea.

Waulize wapenzi wa gemu kilichotokea na jibu litakuja haraka: filamu ndiyo iliyoimaliza. Mimi mwenyewe nimelirudia jibu hilo kwa miaka mingi. Siku hizi naona ni nusu tu ya habari, tena ile nusu ndogo.

Kwa asiyezijua gemu hizi: ni gemu za kuigiza wahusika, RPG kama mashabiki wanavyoziita. Unaongoza kikundi cha watu, mnasafiri, mnapigana kwa zamu, mnaongeza nguvu kidogo kidogo, na katikati ya hayo yote unasoma hadithi ndefu kama riwaya. Saa 40 kumaliza moja ni kawaida. Ndiyo maana kwenye vibanda vya PlayStation vya mitaani kwetu, ambako unalipa kwa dakika au kwa mechi, hukuzikuta sana. Pale ni mpira na ngumi. Nani alipe nusu saa akae anasoma malalamiko ya mfalme? Wengi wetu tulizijua baadaye sana, kwenye kompyuta, kwa zile programu zinazoiga mashine za zamani.

Square ilianza 1983 huko Yokohama, ikiwa tawi la programu la Den-Yu-Sha, kampuni ya kujenga njia za umeme. Mwenye kampuni alikuwa na mtoto, Masafumi Miyamoto, ambaye nguzo na nyaya hazikumvutia hata kidogo. Kompyuta ndiyo zilimvutia. Wakati ule gemu moja mara nyingi ilitengenezwa na mtu mmoja: yeye ndiye anaandika programu, yeye anachora, yeye anatunga hadithi. Miyamoto akawaza, kwa nini tusiwaweke pamoja mchoraji, mwandishi na mtaalamu wa programu, kila mtu afanye anachokijua? Leo wazo hilo linaonekana la kawaida kabisa. Wakati ule halikuwa hivyo, na nadhani historia yote ya Square imo ndani yake, uzuri wake na balaa lake.

Kati ya vijana aliowachukua walikuwemo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Hironobu Sakaguchi na Hiromichi Tanaka. Walikuja kama vibarua, wakanogewa, masomo wakayaacha. (Msimwonyeshe msimamizi wangu aya hii.) Mwaka 1986 Square ikajitenga na kampuni mama, lakini gemu zake za mwanzo hazikuwa na makubwa. Sakaguchi akajiwekea sharti: anatengeneza gemu moja ya kuigiza, ikifeli anarudi chuoni.

Gemu hiyo ndiyo Final Fantasy, iliyotoka Desemba 1987. Umeshasikia kwamba iliitwa "ya mwisho" kwa sababu kampuni ilikuwa inafilisika? Hadithi tamu, lakini Sakaguchi mwenyewe alikuja kusema kwamba alichotaka ni jina la maneno mawili yanayoanza na F, na neno lolote la F lingefaa. Uongozi ulitaka kutoa nakala 200,000, yeye akaomba ziwe 400,000 ili ikiuza vizuri pawe na njia ya kutengeneza ya pili. Wakamkubalia. Chuoni hakurudi.

Miaka saba au minane iliyofuata ndiyo miaka ambayo mashabiki wa zamani wakiikumbuka macho yanalegea. Mashine zilikuwa za Nintendo, hasa Super Famicom, na kila kitu kilipaswa kuingia kwenye katriji. Chrono Trigger ya 1995 ilikaa kwenye megabaiti 4. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuzidi hapo. Ndani ya megabaiti hizo kulikuwa na safari ya kuvuka enzi, kuanzia zama za majitu wa kale hadi dunia iliyokwisha kuharibika, pamoja na miisho zaidi ya kumi ya hadithi. Tena iliwaunganisha Sakaguchi na Yuji Horii, mtunzi wa Dragon Quest, gemu ya wapinzani wao wakubwa, kampuni ya Enix. Michoro ikafanywa na Akira Toriyama wa Dragon Ball. Ni kama Simba na Yanga wakubaliane kuchezesha timu moja msimu mzima.

Muziki ndio unaonishangaza zaidi. Chipu ya sauti ya mashine ile ilikuwa na njia 8 tu, maana yake sauti 8 kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Nobuo Uematsu, mtu ambaye hakusomea muziki shuleni, aliweka ndani ya finyu hiyo onyesho zima la opera kwenye Final Fantasy VI ya 1994. Waimbaji hawana maneno, ni sauti ya kuunda tu inayopanda na kushuka huku maandishi yakipita kwenye skrini. Kitaalamu ni mlio. Lakini watu wazima wanakwambia walilia pale. Sikio lilipewa kidogo, likajaza lenyewe kilichobaki. Shikilia hoja hii, tutaihitaji tukifika Hawaii.

Mwaka 1996 Square ikaiacha Nintendo na kwenda kwa Sony. Sababu kubwa ilikuwa nafasi. Mashine mpya ya Nintendo iling'ang'ania katriji, ilhali PlayStation ilitumia CD, na CD moja ilibeba takriban megabaiti 650. Hiyo ni mara 160 ya Chrono Trigger. Final Fantasy VII ilipotoka Januari 1997 ilikuja na CD tatu, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwa video. Timu yake ilizidi watu 100. Gemu ikavuma dunia nzima, ikawafanya Wamarekani na Wazungu waliokuwa hawajali RPG za Kijapani waanze kuzitafuta madukani.

Hapa ndipo watu hupita haraka wakikimbilia filamu, nami nataka tusimame kidogo. Kati ya 1997 na 2000 Square ilitoa Final Fantasy Tactics, SaGa Frontier, Xenogears, Parasite Eve, Chrono Cross, Vagrant Story, na nyingine ambazo nikizitaja zote mhariri atanikata. Baadhi zilikuwa za ajabu kweli. Parasite Eve ni hadithi ya kutisha kuhusu mitokondria, naam, zile zile za kwenye daftari la baiolojia, zinazoasi mwili wa binadamu. Baiolojia yake ni ya kubuni tupu, ila imewafanya watu wengi kulijua neno hilo kuliko mwalimu wangu wa kidato cha pili. Hizo ndizo gemu za kampuni inayoweza kumudu kukosea. Moja ikidoda, nyingine tano zinaibeba.

Lakini chini kwa chini mambo yalikuwa yanabadilika. Tetsuya Takahashi, aliyeiongoza Xenogears ya 1998, alieleza baadaye kwamba timu yake ilikuwa na vijana wengi wasio na uzoefu, muda ukawa hautoshi. Basi CD ya pili ya gemu hiyo kwa sehemu kubwa ina wahusika waliokaa kwenye kiti wakisimulia matukio ambayo mchezaji alitakiwa kuyacheza. Mwaka 1999 Takahashi aliondoka, akaanzisha Monolith Soft kwa msaada wa Namco. Hakuwa peke yake kuondoka miaka ile, na wengi walitoka kwenye zile timu za pembeni, zilizokuwa zinajaribu vitu. Fedha na mashine zilikuwa zinaelekea kwingine.

Kwingine huko ni Honolulu. Mwaka 1997 Square ilifungua studio ya filamu, Square Pictures, kule Hawaii, na Sakaguchi akawa mwongozaji. Lengo halikuwa katuni. Lengo lilikuwa binadamu wa kompyuta anayefanana na binadamu halisi kiasi kwamba Dk. Aki Ross, mhusika mkuu, angekuja "kuajiriwa" katika filamu nyingine kama mwigizaji yeyote.

Hebu tupige hesabu, blogu hii inaruhusu. Kichwa cha Aki kilikuwa na nywele takriban 60,000. Filamu ilikuwa na fremu 141,964, na kila moja ilichukua kompyuta wastani wa dakika 90 kuikamilisha. Zidisha: ni kama saa 213,000, yaani miaka 24 na ushee kwa kompyuta moja. Wao walikuwa na kompyuta 960 zilizopangwa pamoja, kwa hiyo kwa makaratasi kazi hiyo ni ya siku tisa. Siku tisa! Basi kwa nini mradi ukala miaka minne? Kwa sababu fremu haichorwi mara moja. Mwongozaji anaangalia, kivuli hakijakaa sawa, rudia. Shati limekunjika vibaya, rudia. Kisha mashine bora zaidi zinatoka, na uso uliokuwa mzuri mwaka jana unaonekana wa kizamani karibu na uliochorwa leo, rudia. Bei ya kila marudio ni mishahara ya watu kama 200.

Jumla ikafika dola milioni 137. Duniani kote filamu ikaingiza dola milioni 85, na sehemu ya hizo hubaki kwa wenye majumba ya sinema. Mwaka huohuo Shrek, jitu la kijani lisilofanana na mtu yeyote unayemjua, lilijaza kumbi.

Mhandisi wa roboti Masahiro Mori alishaieleza hali hii mwaka 1970, miaka 31 kabla. Aliiita kwa Kijapani bukimi no tani, bonde la kutisha. Alisema kadiri kitu kinavyofanana na binadamu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kinapokaribia kabisa, hapo mapenzi yanaporomoka ghafla, kwa sababu sasa macho yanahesabu kasoro. Mlio wa opera wa 1994 ulikuwa mbali na bonde hilo, kwa hiyo sikio liliusamehe na kuukamilisha. Uso wa Aki ulitumbukia katikati yake. Pia tuseme ukweli, hadithi yenyewe ilikuwa baridi, na mashabiki waliokwenda kutafuta uchawi, mapanga na wale ndege wakubwa wa kupanda hawakuona kitu.

Pigo lilikuwa zito. Oktoba 2001 Sony ilinunua asilimia 18.6 ya hisa za Square kwa karibu yeni bilioni 15, Desemba Yoichi Wada akawa rais mpya, na mapema 2002 Square Pictures ikafungwa. Sakaguchi aliondoka rasmi 2003.

Lakini angalia mfuatano huu vizuri. Final Fantasy X imeuza sana. Kingdom Hearts, walioitengeneza pamoja na Disney, imetoka 2002 na kuuza sana. Kampuni imerudi kwenye faida. Muungano na Enix, uliotangazwa Novemba 2002 na kuanza tarehe 1 Aprili 2003, haukuwa wa maskini kuokolewa. Ingawa kisheria Enix ndiyo iliyobaki na Square ikamezwa, na hisa moja ya Square ikabadilishwa kwa hisa 0.85 za Enix, rais wa kampuni mpya alikuwa Wada, wa Square. Sasa nani amefilisika hapo?

Kilichoondoka ni kile kinachofanya watu waseme "Squaresoft" kwa sauti ya msibani. Kila mafanikio yalikuwa yamepandisha dau la mchezo unaofuata. Katriji ikawa CD, CD moja ikawa tatu, video ikawa filamu. Ukishafika gemu moja inakula mamia ya watu kwa miaka, hakuna tena nafasi ya mtu kuja na hadithi ya mitokondria. Final Fantasy XV ilitangazwa 2006 kwa jina jingine na ikatoka 2016. Miaka kumi! Katika miaka kumi ya kwanza Square ilikuwa imetoka Final Fantasy ya kwanza hadi ya saba. Wanaoitupia filamu lawama yote wanasahau kwamba filamu ilikuwa hatua moja tu ya ngazi ileile, na ngazi haikuishia Hawaii.

Nawaonea huruma pia, maana sijui ningefanya nini tofauti. Ukiwa na megabaiti 4 na ukapewa 650, utasema hapana?

Sakaguchi alianzisha studio ndogo, Mistwalker, mwaka 2004. Gemu yake ya 2021, Fantasian, ina muziki wa Uematsu, na mandhari yake hayakuchorwa kwa kompyuta: mafundi walijenga kwa mikono vijiji, mapango na meli zaidi ya 150 vya mfano, vikapigwa picha, kisha wahusika wakatembezwa juu yake. Desemba 2024 gemu hiyo ilitolewa upya kwa mashine za nyumbani. Walioichapisha ni Square Enix.