Uzee wa Wapagazi wa Unyamwezi

Katika karne ya 19, kijana wa Unyamwezi alijitwika pembe za ndovu hadi Bagamoyo ili arudi na nguo na shanga, mali iliyoweza kugeuzwa kuwa ng'ombe na mahari, na hivyo kumpatia watoto wa kumtunza uzeeni. Alipozeeka, alishinda katika iwanza, yaani nyumba ya wanaume kukutania na kulia chakula, ambayo mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliieleza kwa kejeli isiyostahili. Humo safari za zamani, bila shaka zikitiwa chumvi, zilimjengea heshima. Reli iliyopita Usinge, magharibi mwa Tabora, na kufika Kigoma mwaka 1914 iliwapunguzia vijana mizigo, lakini pia iliwanyima njia ya kale ya kuupata uzee wenye hadhi.