Pesa Zilizokufa

Kwenye harusi moja huko Machakos, MC alitupa stori ya jamaa aliyekopa mia tano kwa jirani. Kesho yake akarudisha mia tano na hamsini. "Sasa hii hamsini ni ya nini?" "Pesa zako zilizaa, bwana." Wiki iliyofuata jamaa akaomba elfu kumi, akatumiwa kwa M-Pesa mbio mbio. Kimya. Alipopigiwa simu akajibu kwa huzuni: "Pole sana jirani, zilikufa."

Hema zima lilicheka. Shangazi yangu alitokwa na machozi. Binamu yangu hakucheka. Yeye huchekesha watu Nairobi wikendi, na stori hiyo, mpaka ile "pole sana jirani", alikuwa akiisimulia jukwaani. "Ameniibia huyu," akaninong'oneza, akatoka nje.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwenye stori ni Abunuwasi, na kwake ilikuwa sufuria. Waturuki nao humpa Nasreddin Hodja sufuria hiyo hiyo. Abu Nuwas halisi alikuwa mshairi wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na huku kwetu amebebeshwa visa vingi visivyomhusu.

Waingereza walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1739 kilitoka London kitabu Joe Miller's Jests. Miller, mwigizaji, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. John Mottley, aliyekikusanya, alitumia jina la marehemu kuuza vichekesho vya watu wengine. Kilichapishwa tena na tena, hadi kichekesho chochote kilichochakaa kikaitwa "Joe Miller".

Marekani, enzi za vodevili, yale maonyesho ya kila aina yaliyozunguka mji hadi mji, kichekesho kimoja kingemlisha mtu miaka. Watazamaji walifuata sauti, uso, jinsi anavyongoja kabla ya neno la mwisho. Maneno yalitoka wapi? Nani aliuliza! Milton Berle alijulikana kwa kuiba, akajitania mwenyewe kwa hilo, na tangu 1948 kipindi chake cha NBC kikamfanya nyota mkubwa wa runinga. Bob Hope aliajiri waandishi. Kurasa zaidi ya 85,000 za vichekesho vyake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kisha ladha ikageuka. Mwaka 1953 Mort Sahl alianza kupanda jukwaa la hungry i, San Francisco, na baadaye akajulikana kwa sweta na gazeti mkononi, akiongea siasa kama mtu anayepiga gumzo na wenzake. Lenny Bruce naye akaleta yake. Sasa watu walilipa kumsikia mtu fulani na maoni yake, na ukimwibia huyo umemchukulia maisha yake. Nadhani hapo ndipo wizi ulipoanza kuuma kweli.

Mahakama haisaidii sana. Hakimiliki hulinda maneno, hailindi wazo, na kesi ni ghali kuliko kichekesho. Alex Kaseberg alimshtaki Conan O'Brien mwaka 2015. Wakaja kuelewana nje ya mahakama mwaka 2019. Kwa hiyo wachekeshaji huadhibiana wenyewe, kwa kusemana na kutengana. Mwaka 2007 Joe Rogan alimtuhumu Carlos Mencia kwa wizi juu ya jukwaa la Comedy Store, Los Angeles, watazamaji wakiangalia. Mencia akabisha pale pale, na video ikaenea kote intanetini.

Binamu yangu ameitazama video hiyo mara nyingi, na sasa anataka kumfanyia MC vivyo hivyo. Nusu namuunga mkono. Sufuria si yake, lakini M-Pesa ni yake, na ile simu, na ile "pole sana jirani" inayovunja watu mbavu. Hiyo alihangaika nayo usiku mwingi, mbele ya meza tatu za walevi.

Juzi nilimuuliza shangazi kama anajua ile stori ni ya nani. "Si ya MC?" akasema, kisha akanisimulia upya, bila kuombwa. Kwake, pesa zilizokufa zilikuwa za chama.