Nani Alitufunza Kushangilia Goti Lililoumia?

Tarehe 20 Oktoba 1968, jiji la Mexico, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Siku hiyo moja ilitupa hadithi mbili ambazo walimu wa michezo na makocha wa mtaa wamezitumia kutunyamazisha tangu hapo.

Ya kwanza ni ya Kipchoge Keino. Alikuwa na maambukizi kwenye kifuko cha nyongo, na madaktari walikuwa wamemwambia asikimbie. Siku chache nyuma, kwenye mita 10,000, maumivu yalikuwa yamemwangusha kando ya wimbo raundi chache kabla ya mwisho. Halafu akakimbia 5,000 akapata fedha. Halafu, hiyo tarehe 20, akatoka kwenda fainali ya 1,500 na kumwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu mita 20. Dakika 3, sekunde 34.91. Dhahabu.

Ya pili ni ya John Stephen Akhwari wa Tanzania. Yeye alikuwa kwenye marathoni. Wakimbiaji wakasongamana, akaanguka, goti likateguka na bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja iliyopita wakati Akhwari anaingia uwanjani gizani, anachechemea, wa 57, wa mwisho, saa 3:25:27. Alipoulizwa mbona hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo aanze mbio tu, ilimtuma amalize. Hiyo video mmeiona. Kila Januari lazima mtu aiposti na muziki wa piano.

Sina ubaya na hao wazee. Nikiiangalia ya Akhwari bado nashikwa na kitu kooni. Ila kuna mambo mawili huwa yanaachwa nje. Moja, nyongo si goti. Keino alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ni hatari kivyake, lakini kiungo anachokimbilia kilikuwa kizima. Pili, Akhwari alikuwa na bahati. Mwaka 1970 alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akamaliza wa tano. Goti lilirudi. Kama halingerudi, sidhani tungekuwa tunaposti hiyo video kwa furaha. Tumechukua watu wawili ambao miili yao iliwasamehe, tukawafanya sheria ya watu wote.

Na hapa Kware hiyo sheria inafanya kazi kila wikendi. Binamu yangu alikuwa winga, mguu wa kushoto, mbio za kuudhi. Hakugongwa na mtu. Aliruka, akatua, goti likaingia ndani, akasikia kitu kama kijiti kikivunjika. Alikaa nje dakika kumi, akafungwa kitambaa, akarudi manake ilikuwa nusu fainali na watu walikuwa wanaimba jina lake. Mara ya pili goti lilimwachilia kabisa. Baadaye sana, picha ya MRI ikaonyesha ile ligamenti ya ndani ya goti, hii ya ACL mnayoisikia kwa wachezaji wa Ulaya, ilikuwa imekatika, na gegedu, ile mito ya kati ya mifupa, imechanika pia. Daktari alisema gegedu pengine lilichanika aliporudi kucheza. Sasa gharama ya operesheni ya goti si kitu unachangisha kwa grupu ya WhatsApp ikatosha. Ana miaka 21. Anauza vifuniko vya simu Kitengela na anasema hapendi kuangalia mpira. Mimi simwamini, lakini sibishani.

Ndio nikaanza kusoma. Niliacha chuo, hiyo mnajua, so hakuna mtu alinipa hii kama kazi ya darasa. Nilisoma tafiti kwa simu, polepole, na bundle za usiku.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba elimu ya kuzuia majeraha ni changa kuliko unavyodhani. Mwaka 1992 Mholanzi anaitwa Willem van Mechelen na wenzake waliandika mpango wa hatua nne ambao watafiti wengi bado wanaufuata. Hesabu majeraha ujue ukubwa wa shida. Tafuta yanasababishwa na nini. Weka mbinu ya kuzuia. Rudi uhesabu tena uone kama mbinu imefanya kazi. Hivyo tu. Inaonekana kitu cha wazi kabisa, lakini kabla ya hapo mambo mengi ya michezo yalikuwa yanaenda kwa "mimi nilifunzwa hivi".

Na ukianza kuhesabu, vitu vinaanguka. Chukua kunyoosha misuli kabla ya mazoezi, ile ya kuvuta mguu nyuma ukihesabu hadi kumi. Mwaka 2000 Waaustralia walichapisha utafiti wa makuruta wa jeshi 1,538. Nusu walinyoosha kabla ya mazoezi, nusu hawakunyoosha. Majeraha yakatoka karibu sawa. Au chukua barafu. Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliandika ile kanuni maarufu ya pumzika, weka barafu, funga, inua mguu. Dunia nzima ikaimeza. Kama miaka 35 baadaye Mirkin mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Mtu anaandika kanuni, inamtoa jina, halafu anasema ushahidi umebadilika. Napenda hiyo. Wangapi kwa hii mitandao wanaweza?

Halafu kuna utafiti uliofanywa kwa miguu yetu wenyewe. Januari 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kulinganisha wakimbiaji, wakiwemo watoto wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia miguu mitupu. Waliona kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na ule mshtuko wa ghafla wa kisigino kugonga chini unapungua sana. Utafiti haukusema kwamba ukivua viatu hutaumia. Lakini soko halikungoja. Viatu vya kufanana na mguu mtupu vikauzwa kama mandazi ya asubuhi, hadi mwaka 2014 kampuni ya Vibram, ile ya viatu vyenye vidole, ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema walidanganywa kuhusu faida za kiafya. Yaani mtoto wa Nandi anakimbia bila viatu kwa sababu hana viatu, na ng'ambo mtu anauziwa huo mguu kwa dola.

Sasa turudi kwa magoti. Hapa Kajiado tuna mfano wetu. Patrick Makau alikuwa anafanya mazoezi Ngong, huko tu juu. Septemba 2011 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin, 2:03:38, akiiondoa ile ya Haile Gebrselassie. Mwaka 2018 akastaafu kwa sababu ya goti. Ukiuliza vijana wa Rongai kumhusu wengi watakuambia hawamjui, na mimi naona goti lilichangia hiyo.

Weka kando yake David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris. Baba yake, Daniel, alikuwa kwenye timu ya kupokezana ya 4x400 iliyoshinda fedha Mexico hiyo hiyo ya 1968, so huyu amekulia ndani ya hadithi zenyewe. Agosti 2012, London, 1:40.91, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata goti likamsumbua, na mashindano ya dunia ya Moscow yakafanyika bila yeye. Bingwa wa Olimpiki, mwenye rekodi, amekaa nyumbani. Mwaka 2015 akashinda dunia Beijing, 2016 akashinda Olimpiki tena Rio. Hakuna video ya piano ya Rudisha akiwa hayuko Moscow, manake utarekodi nini? (Mwili wake umepitia mengine: Mei 2020 alivunjika kifundo cha mguu akitembea tu nyumbani, na Desemba 2022 ndege ndogo ilianguka naye huku huku Kajiado akitoka Maasai Olympics kule Kimana. Akatoka hai.)

Utaniambia Rudisha ana madaktari, sisi tuna nani. Sawa. Lakini utafiti ulionishika zaidi hauhitaji daktari. Unaitwa FIFA 11+. Ni mazoezi 15 ya kupasha mwili, kama dakika 20, bila kifaa kingine isipokuwa mpira. Unaanza na kukimbia polepole, halafu unaingia kwa nguvu na balansi: kulala kwa viwiko ukikaza tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole bila kuingia ndani. Kuna lile la kupiga magoti, mwenzako anashika visigino, unajishusha mbele polepole. Linachoma nyuma ya paja kama pasi. Unamaliza na mbio za kasi na kukata kona. ACL nyingi hukatika bila mtu kukugusa, kwa kutua au kugeuka vibaya, na kutua ni kitu mwili unaweza kufunzwa.

Mwaka 2008 Wanorwe waliujaribu kwa wasichana zaidi ya 1,800, umri wa miaka 13 hadi 17. Majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Wasichana, sikizeni hapo, kwa sababu hatari yenu ya kukata ACL ni mara mbili ya wavulana au zaidi, na ndio wa mwisho kupewa kocha hapa mtaani.

Najua jibu: Norwe ni Norwe, nyasi zao ni kama zulia. Basi nenda Lagos. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya ligi ya vijana wa miaka 14 hadi 19, timu 20: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Bado mbali? Nenda Rwanda. Utafiti uliochapishwa 2021 ulichukua timu za daraja la pili, na kwa timu zilizofanya 11+ majeraha yalipungua. Daraja la pili, buda. Si Bayern.

Kitu kimoja tu kinarudi kwa hizo tafiti: timu inayoyafanya mara moja moja haipati faida kama inayoyafanya kila wiki. Hapo ndipo nadhani Kware itasumbuka. Watu hufika uwanjani dakika tano kabla ya mechi, mmoja amevaa njumu ya kuazima, refa anapuliza.

Timu moja ya hapa imekubali kujaribu Jumanne na Alhamisi. Sijawapa lolote isipokuwa bango la zoezi nililochapisha kwa saiba na daftari la kurasa 96. Kwa daftari tunaandika tarehe, nani ameumia, wapi, alikuwa anafanya nini, alikosa siku ngapi. Hatua ya kwanza ya Mholanzi. Hadi sasa kuna mistari saba: vifundo vinne, nyuma ya paja mbili, goti moja. Mwenye goti anauliza kama anaweza kucheza Jumapili. Kapteni amemwambia akae.