Programu Huria ya Kupanga Kurasa Katika Macintosh: Historia ya Umiliki wa Zana za Uchapishaji

Aghalabu historia ya uchapishaji huandikwa kana kwamba ni historia ya mashine peke yake. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba, ama kuhusu uchapishaji wa tarakilishi, swali lililo kubwa zaidi ni la umiliki: ni nani aishikaye zana ambayo kwayo maandishi hupangwa yakawa kurasa? Mfano utakaochunguzwa ni Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, na njia iliyoipitia hata ikaweza kusakinishwa katika tarakilishi za Macintosh.

Macintosh haikuchaguliwa kwa sadfa. Kampuni ya Apple iliitoa mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata ikapata wenzi wawili: LaserWriter, mashine ya kupiga chapa kwa leza yenye uwezo wa nukta 300 kwa kila inchi, na PageMaker, programu ya Aldus, kampuni iliyoasisiwa na Paul Brainerd mjini Seattle. Kilichoviunganisha vyote ni PostScript, lugha ya kueleza umbo la ukurasa iliyobuniwa na Adobe, kampuni ya John Warnock na Charles Geschke. Kazi iliyohitaji matbaa na mafundi wa kupanga herufi ikawa sasa yawezekana juu ya meza moja. Lakini LaserWriter peke yake iliuzwa kwa dola 6,995 na PageMaker kwa dola 495. Tena mnunuzi wa programu hakuruhusiwa kuuona msimbo wake, sembuse kuurekebisha.

Hasara ya kufungiwa huko ilidhihirika baadaye. Aldus iliungana na Adobe mwaka wa 1994, na toleo la mwisho la PageMaker, la 7.0, likatoka mwaka wa 2001. Halikuandikwa upya kwa ajili ya Mac OS X, mfumo mpya uliotoka mwaka uo huo, bali liliegemea Classic, mazingira yaliyouhifadhi mfumo wa kale ndani ya ule mpya. Apple ilipoanza kutumia vichakato vya Intel mwaka wa 2006, Classic haikufanya kazi ndani ya mashine hizo. Majarida na vitabu vilivyopangwa kwa PageMaker vikawa havifunguki tena kwa programu iliyoviumba. Maandishi yalikuwa ya waandishi. Ufunguo haukuwa wao.

Wakati huohuo fikra nyingine ilikuwa inakua. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983, na leseni yake ya umma, GPL, ikatolewa mwaka wa 1989, ikimpa kila mtumiaji haki ya kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza. Chini ya leseni hiyo Franz Schmid alianza kuiandika Scribus mwaka wa 2001, kwanza kwa watumiaji wa Linux, na toleo la 1.0 likatoka mwaka wa 2003.

Kuifikisha kwenye Macintosh hakukuwa rahisi. Mac OS X ilijengwa juu ya msingi wa Unix, kwa hiyo ilikuwa na udugu na Linux. Lakini programu za Linux zilichora madirisha yao kwa mfumo wa X11. Mtumiaji alilazimika kuusakinisha X11, kisha kupitia mradi wa Fink kukusanya maktaba zote zilizohitajika, na mwishowe kupata programu isiyofuata desturi za Macintosh. Wahenga walisema, cha kuazima hakisitiri maungo. Mabadiliko yalikuja pale Trolltech, kampuni ya Norway, ilipoiweka Qt ya Macintosh chini ya GPL mwaka wa 2003. Scribus ilikuwa imejengwa juu ya Qt, basi ikaweza kuandaliwa ikavaa vazi la mwenyeji bila ya X11.

Leo kazi imepungua: mtumiaji hupakua faili ya diski, akaifungua, akaiburura programu hadi kwenye folda ya programu. Hata hivyo alama za historia zingalipo. Yampasa pia kusakinisha Ghostscript, iliyotolewa na L. Peter Deutsch mwaka wa 1988, ili Scribus iweze kuzisoma faili za PostScript, ile lugha ya Adobe. Aidha, tangu mwaka wa 2012 Macintosh ina mlinzi aitwaye Gatekeeper, awezaye kuizuia programu ambayo mtengenezaji wake hakutambuliwa na Apple, mpaka mwenye mashine aipe idhini.

Kwa wasomi wa Kiswahili suala hili si la ufundi tu. Programu inayofuata kanuni za Kiingereza yaelekea kulikata neno *ng'ombe* mwishoni mwa mstari kuwa *ng'om-be*, ilhali silabi zake ni *ng'o-mbe*. Katika zana iliyofungwa, mwenye lugha hubaki kuomba. Katika zana huria anaweza kuziandika kanuni mwenyewe. Faili za Scribus nazo ni maandishi ya XML, yasomekayo hata bila ya programu yenyewe. Kweli, uhuru huu hauondoi taabu: faili za matoleo mapya huenda zisifunguke katika yale ya zamani, na hakuna kampuni iliyofungwa na mkataba wa kumhudumia mtumiaji. Lakini taabu ya kujifunza hurithisha ujuzi, na taabu ya kufungiwa nje hairithishi kitu.